Wawili Wasioona

Tangu asubuhi Mwalimu wa Jiko hakukalika wala hakusimamika. Alifuta meza iliyokwisha kufutwa. Alipanga vikombe kwenye rafu, akavipangua, akavipanga tena, vishikio vyake vyote vikielekea upande mmoja kama alivyozoea kuwafundisha wanafunzi wake. Kila gari lililopunguza mwendo nje ya geti lilimfanya asite, kitambaa mkononi, shingo imenyooka. Gari likipita, alijitukana kimoyomoyo. Mtu mzima, unatetemeka kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani!

"Kaa chini, mwanangu," alisema Mkunga, aliyekuwa mezani akimenya viazi. "Hata mwenye uchungu wa kuzaa hupumzika katikati. Wewe tangu alfajiri ni kusukuma tu."

"Nani anasukuma? Nafanya usafi."

"Usafi! Meza hiyo ikifutwa mara nyingine itatoboka."

Mkunga alikuwa amezalisha nusu ya watu wa kwao kabla sukari haijamwibia macho. Sasa alikuwa mwanafunzi hapa kituoni, kama wenzake wote: watu wazima waliopoteza kuona na kuja kuishi miezi kadhaa katika jengo hili lenye korido ndefu na ubao wa kushikia ukutani, wakajifunze upya mambo waliyodhani wanayajua. Kutembea na fimbo nyeupe. Kuvuka barabara. Kufua, kupiga pasi, kutambua noti kwa vidole. Na kupika, ambako ndiko kulikokuwa na ufalme wa Mwalimu wa Jiko.

Yeye mwenyewe hakuwa anaona. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia macho akiwa mdogo, lakini kwa nje ikayaacha mazima, makubwa na maangavu, na hapa jikoni alipopajua kama kiganja chake, mgeni angeweza kukaa naye nusu siku asishtuke. Wanafunzi walimwita Pilipili wakidhani hasikii. Alisikia, na jina hilo lilimpendeza.

Aliyemvuruga moyo alikuwa Dereva.

Dereva alifika kituoni akiwa na hasira za simba aliyenaswa. Betri ya lori ilikuwa imemlipukia usoni akiwa safarini, na mtu aliyekuwa akivuka mipaka peke yake akajikuta akishikwa mkono kwenda chooni. Siku za mwanzo alivunja sahani makusudi. Mwalimu wa Jiko hakumkaripia. Alimpa ufagio, akamwambia, "Ukimaliza kuvunja, fagia. Nikikuta kigae kimoja, chakula cha leo ni hicho." Alifagia. Kesho yake alirudi kujifunza kuchemsha yai, na keshokutwa akarudi bila sababu yoyote.

Siku Mwalimu alipogundua kwamba anaitambua harufu ya sabuni yake kabla hajafika mlangoni, alikwenda kwa mkuu wa kituo akaomba mwanafunzi yule ahamishiwe darasa la mwalimu mwingine. Hakueleza sababu. Mkuu hakuuliza, alikohoa tu kikohozi chenye kicheko ndani yake. Penzi na kikohozi, wahenga walisema, havifichiki.

Na juzi, kwenye kamba za kuanikia nguo, Dereva alimwambia kwa sauti ya chini, shuka mbichi likiwatenganisha: "Mama anakuja Alhamisi. Anakuja kukuona wewe."

"Umemwambia nini kuhusu mimi?"

"Kila kitu."

Leo ndiyo ilikuwa Alhamisi.

* * *

"Hodi humu!"

Sauti ilikuwa ya mwanamke wa makamo, nene, iliyokatwa pumzi na safari. Haikutoka getini kama alivyotarajia. Ilikuwa tayari mlangoni mwa jiko. Dereva mwenyewe alikuwa bado barabarani, kwenye somo la kutembea na Mwalimu wa Fimbo.

"Karibu, mama! Karibu ndani. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mlinzi kanielekeza huku. Kasema nifuate harufu ya vitunguu." Mgeni akacheka, kisha akasogea karibu. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama."

Mikono mikubwa ikamkumbatia, ikamyumbisha huku na huku. Mwalimu wa Jiko, aliyekuwa amejiandaa kwa maswali, kwa miguno, kwa kimya kirefu cha kumpima, alibaki kinywa wazi begani mwa mama wa watu. Hakujiandaa kupendwa.

Alipokea mkoba wake, akamvutia kiti, akaweka maji ya chai jikoni. Mkunga alisalimia, akajikokota nje na viazi vyake, akasema viazi vinamenyeka vizuri zaidi barazani. Mwongo mkubwa.

"Kaa nikutazame," alisema mama. "Mzuri! Yule mtoto hakunidanganya. Na jiko lako linang'aa. Mwanangu, wewe hujui ulichonifanyia. Tangu ajali ile mimi silali. Nikifumba macho namwona anagonga mlango, anaanguka kwenye ngazi, anajimwagia maji ya moto. Nikawa najiuliza, nikifa mimi, nani atamtazama? Ndugu zake wana wake zao, na wake wenyewe unawajua. Ndipo akanipigia simu. Mama, nimepata mtu. Nani? Mwalimu wa hapahapa kituoni. Nilipiga magoti palepale, simu ikiwa mkononi."

"Ahsante, mama," Mwalimu alisema, na akatabasamu kama mjinga.

"Kwa sababu, nikwambie ukweli, niliogopa. Nilisikia huko kwenye vituo wanapendana wao kwa wao. Nikasema Mungu wangu, asije akaniletea kipofu mwenziwe! Wawili wasioona katika nyumba moja, nani atamwongoza nani? Lakini Mungu si Athumani. Sasa angalau mmoja wenu ana macho."

Birika lilianza kuimba. Mwalimu wa Jiko hakulisikia.

Kila kitu, alisema. Nimemwambia kila kitu. Penye shuka mbichi, kwa ile sauti yake ya chini.

Angeweza kusema hapohapo. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, na alikuwa ameitamka kwa wenye nyumba, kwa makarani, kwa makondakta, kwa kila mtu tangu utotoni. Lakini joto la lile kumbatio lilikuwa bado mabegani mwake. Hakuna mama wa mwanamume yeyote aliyewahi kumkumbatia vile. Mmoja, zamani, alimpa soda, akamwambia wewe ni msichana mwerevu sana, kisha akamwoza mwanawe kwingine. Basi Mwalimu wa Jiko, ambaye kila siku aliwakemea watu wazima kwa kuficha fimbo zao mikobani, alifanya kitu kidogo cha aibu. Alinyamaza. Alitaka kupendwa dakika moja zaidi.

"Nimekuletea kitu," mama aliendelea, akipekua mkoba. "Sikupi, nakuonyesha tu, maana ninayo hii moja." Karatasi ngumu ikamgusa vidole. "Mtazame hapo, siku aliyokabidhiwa lori lake la kwanza. Tazama hayo macho! Watu walikuwa wakisema mwanangu ana macho ya kuvunjia ndoa za watu."

Mwalimu akaipokea picha. Akainamisha uso juu yake. Moyo ulikuwa ukimpiga kwa nguvu hata hakukumbuka kupapasa ajue upande upi ni laini na upi mkavu.

"Alipendeza," akasema.

"Mwanangu," mama akasema polepole, "umeigeuza. Unatazama mgongo wa picha."

Upepo mdogo ukampita usoni, mara moja, kisha tena. Mwalimu aliujua upepo ule tangu utotoni. Ni kiganja cha mtu anayejaribu kama ni kweli.

"Ni kweli, mama," akasema. "Sioni. Sikuzaliwa hivi, lakini siikumbuki hata rangi ya mlango wa kwetu. Ningekuambia ulipoingia. Nilidhani unajua."

Kiti kilikwaruza sakafu. Birika likafurika, maji yakachirizika juu ya moto. Mwalimu akageuka akazima jiko bila kubabaika, na kutobabaika kwake kulimkera yeye mwenyewe, kwa sababu kulionekana kama majigambo.

Ni wakati huo ndipo fimbo iliposikika koridoni, tak-tak, tak-tak, ya mtu mwenye furaha.

"Mama! Nimekunusa tangu kwenye ngazi! Umefika saa ngapi? Mmeshajuana?"

"Tumejuana," alisema mama yake. "Wewe ndiye sikujui."

Fimbo ikasimama.

"Ulinambia mwalimu."

"Si ni mwalimu, mama?"

"Usinifanye mtoto! Ulijua nitaelewa nini. Umeniacha nimkumbatie mtoto wa watu, nimwambie maneno, nimpe picha! Picha! Unajua nimejisikiaje?"

"Mama, nilitaka kwanza..."

"Na wewe," sauti ikageuka, ikalegea kidogo. "Sikuchukii. Mungu ananiona, sikuchukii. Umenipokea vizuri kuliko wakaza mwana nilio nao. Lakini mama akitaka kulala, lazima ajue nyumbani kwa mwanawe kuna jicho. Hata moja! Moto ukishika pazia, nani atauona?"

"Moto hunuka kabla haujaonekana, mama."

"Na mtoto? Mtoto akiokota msumari akautia mdomoni? Nao hunuka?"

Mwalimu wa Jiko alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu ya maswali yale yote, ameyaweka tayari miaka mingi kama mtu anayeweka akiba ya mshumaa. Lakini sasa alipoyatafuta aliona hayamhusu mwanamke huyu. Aliyekuwa akimchoma hakuwa mama. Alikuwa yule aliyesimama mlangoni na fimbo yake.

"Kuna basi la saa nane," mama alisema. "Nikanawe uso, kisha naondoka. Bora ungefungasha tukaondoka wote." Hatua zake zikatoka, nzito, zikiburuza viatu.

* * *

"Pilipili," Dereva alianza.

"Usiniite hivyo."

"Nisikilize. Nilitaka akupende kwanza. Akishakupenda, lile lingine tungemwambia taratibu. Barabarani ukikuta daraja bovu huingii na lori zima. Unashusha mzigo kwanza, unavusha kidogo kidogo."

"Kumbe mimi ni mzigo."

"Sikusema hivyo!"

"Umesema vizuri sana. Mama yako alimpenda mwanamke humu jikoni, alimkumbatia mpaka mbavu zikalia. Lakini hakuwa mimi. Ni mwanamke uliyemtunga wewe. Mimi nimempisha tu, akapita."

"Ni wewe yuleyule!"

"Ana macho yule. Mimi sina. Umenionea haya."

"Si haya."

"Basi ni nini? Lipe jina."

Alimsikia akibadilisha mguu, akivuta pumzi, akiiacha. Pamoja na hasira zake zote, mwili wa Mwalimu ulikuwa ukipima umbali uliobaki kati yao, kana kwamba mwili ulikuwa haujapata habari. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye sinki.

"Woga," Dereva akasema. "Ndilo jina lake."

"Kamwambie mwenye kuogopwa, si mimi. Mpeleke mama yako stendi."

"Stendi? Nimekwenda na Mwalimu wa Fimbo tu, akiwa nyuma yangu. Peke yangu sijafika mbali hivyo. Na kurudi..."

"Basi kaa. Mama yako aende peke yake, ajue ana mtoto mwongo na tena asiyeweza kumsindikiza mzazi wake."

Yalikuwa maneno makali, na alijua. Mama alikuwa amerudi, amesikia ya mwisho.

"Nitafika mwenyewe," alisema. "Kipofu atanipeleka wapi?"

Hakukusudia ubaya. Ulikuwa uchovu tu. Lakini Mwalimu alisikia Dereva akijinyoosha. Kisha fimbo ikagonga sakafu mara moja, kwa nguvu.

"Nitakupeleka, mama. Tembea kandoni mwangu. Usinivute, usinisukume, usiseme 'angalia' kila hatua. Tunaondoka."

Wakaondoka. Hakuna aliyemuaga mwenzake.

* * *

Mchana ule darasa la kukaanga liliunguza vitunguu. Na hawakuwa wanafunzi walioviunguza.

"Jamani!" alipaza sauti fundi mmoja wa redio kutoka kwenye jiko la pili. "Leo Mwalimu kaunguza! Andikeni tarehe!"

Walicheka wote isipokuwa Mkunga. Mwalimu alimwaga vitunguu kwenye pipa, akakata vingine, akajikata kidole, akakinyonya, akaendelea kufundisha. Alisema mafuta yakiwa tayari sauti yake hubadilika, kwanza hunong'ona, kisha hupiga makofi. Alisema hivyo huku masikio yake yakiwa yamemtoka, yako getini.

Ndipo mvua ikanyesha. Haikutangulia na rasharasha. Ilishuka yote kwa mpigo mmoja juu ya mabati, na jiko zima likajaa kelele yake.

Wenye kuona wanadhani mvua hulowesha tu. Kwa asiyeona, mvua hufuta dunia. Hufuta sauti ya gari linalokuja, hufuta kona ya duka la dawa ambapo feni huvuma, hufuta mwangwi wa ukuta. Mwalimu aliwahi kusimama katikati ya barabara kwenye mvua kama ile, asijue mbele ni wapi, akilia kama mtoto. Hakuwahi kumwambia mtu.

Wanafunzi walipoondoka alijifanya ana kazi. Alifungua friji, akaifunga. Alikwenda mpaka kwenye korido, akarudi. Mwishowe akachukua mwavuli na fimbo yake, akaenda kwa mlinzi.

"Hajarudi," mlinzi alisema kabla hajaulizwa. "Nilimwona akitoka na yule mama. Basi la saa nane limeondoka zamani."

Mwalimu wa Fimbo alikuwa kibandani naye, akikung'uta koti. Alikuwa kijana mwenye macho mazima na moyo mwema. "Mwalimu, niwashe gari? Nikienda polepole nitamkuta njiani. Namjua, atakuwa amepitiliza kona. Dakika chache tu nitakuwa nimemrudisha."

Nenda! Neno lilikuwa ulimini. Nenda upesi, mwokote, mfunike blanketi, mlete hapa nimshike uso nijue hajaumia. Na alipolisikia kichwani mwake, lile neno, alishtuka. Lilikuwa na sauti nene, iliyokatwa pumzi. Lilikuwa neno la mama yule, lenye kuamka usiku na kumwona mtoto anaanguka ngazi.

Alisimama pale, mvua ikimpiga miguuni, na kwa mara ya kwanza siku ile hakumkasirikia yule mama hata chembe.

"Mwalimu? Niende?"

"Angekuwa mwanafunzi mwingine, ungekwenda?"

"Hapana," kijana alikiri. "Ana fimbo, ana simu, ana mdomo wa kuulizia. Ningengoja."

"Basi ngoja."

"Una hakika?"

"Sina," alisema. "Lakini ngoja."

Akarudi jikoni kwa mwendo wa haraka kuliko kawaida, maana alijua akibaki pale dakika moja zaidi angebadilisha neno. Mkunga alikuwa akimngoja. Hakumpa pole wala methali. Alimvutia karai la mchele tu, wakachambua pamoja kwa vidole, punje kwa punje, na kila baada ya muda mmoja wao alikohoa ili mwenzake ajue yupo. Mvua ikapungua. Ikakoma. Mwanga wa jua, ambao Mwalimu aliujua kwa joto lake dirishani, ulikuja ukagusa mkono wake, ukaondoka.

Jioni ilikuwa imekwisha kuingia pale fimbo iliposikika koridoni. Haikuwa na furaha wala huzuni. Ilikuwa imechoka.

Mkunga akainuka. "Viazi vyangu," akasema, ingawa vilikuwa vimekwisha kuliwa, akatoka.

"Nimepotea," alisema Dereva mlangoni. Maji yalikuwa yakimtiririka hadi sakafuni.

"Nasikia."

"Kwenda nilikwenda vizuri. Wakati wa kurudi ndipo mvua ikanipiga, nikaipita kona, nikajikuta kwenye mtaro hadi magotini. Simu imezama, haiwaki. Nikajibanza kibandani kwa fundi viatu mpaka ilipokatika, nikauliza, nikakosea tena, nikauliza tena. Nina nundu hapa kwenye paji. Mlingoti wa taa."

"Mlingoti umeumia?"

Dereva alicheka kidogo. Mwalimu hakucheka, lakini aliuma meno ili asicheke.

"Ulimwambia nini mama yako?"

"Kwamba nilidanganya. Nikamwambia, mama, nimeendesha lori milimani, ukungu mpaka kwenye kioo, sijawahi kuogopa kitu kama uso wako ukikunjamana. Na huo uso wenyewe siuoni tena, lakini bado nauogopa. Nikamwambia wewe hukukosa lolote. Nikamwambia nakupenda, na kwamba nilipaswa kuyasema yote mawili kwa pumzi moja, ninakupenda na huoni, badala ya kumpa nusu moja na kuficha nyingine."

"Akasema?"

"Akalia, mbele ya abiria. Akasema haji harusini. Kisha akapanda basi, likaanza kuondoka, na akaniita kupitia dirishani."

"Akakuambia nini?"

"Nivae sweta."

Mwalimu wa Jiko akageukia jiko ili asigeukie kwingine. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Usinishike."

"Sijakushika."

"Mbona uko mbali hivyo?"

Alimsikia akipiga hatua moja, viatu vikilia maji, kisha akasimama, kama mtu aliyesimama mbele ya mlango asijue kama umefungwa au umerudishiwa tu. Harufu ya sabuni yake haikuwepo leo. Palikuwa na matope, ngozi ya viatu, na jasho la mtu aliyetoka mbali kwa miguu yake. Mkono wa Mwalimu mwenyewe ulikuwa umekwisha kuinuka, unatafuta hiyo nundu kwenye paji la uso, pale mlinzi alipopaza sauti kutoka ukumbini:

"Simu! Simu ya ofisini, ya Mwalimu wa Jiko!"

"Ya mama," Dereva akasema. "Yangu kaikosa. Ngoja nikapokee."

"Kaitwa nani? Wewe au mimi?"

Akaenda. Korido ile aliyoipita kila siku leo haikwisha. Akapapasa mezani kwa mkuu, akainua mkono wa simu.

"Halo."

"Ni yule mwalimu?" Sauti nene, nyuma yake sufuria zikigongana. Amefika nyumbani.

"Ni mimi, mama."

"Mwanangu karudi?"

"Karudi sasa hivi."

Pumzi ndefu ikatoka upande wa pili, ndefu kiasi kwamba Mwalimu alilazimika kuegemea meza. "Ameumia?"

Hapana, alitaka kusema, amtulize. "Ana nundu kwenye paji. Alianguka mtaroni, na simu yake imelowa. Alipotea, akauliza, akafika."

"Mlimtuma mtu akamfuate?"

"Hapana, mama. Kulikuwa na mtu wa kumtuma. Nilimkataza."

Sufuria zilinyamaza kule.

"Ulimkataza," mama alirudia. "Nawe ulikuwa unafanya nini wakati huo?"

"Niliunguza vitunguu. Nikajikata kidole. Nikaenda getini, nikarudi."

Mwalimu alisikia kiti kikivutwa kule mbali na mtu mzito akikikalia.

"Bado sijakubali," mama alisema. "Usije ukadhani nimekubali."

"Sijadhani."

"Lakini nina maswali. Ya moto, ya watoto, ya usiku, yote. Njia nzima kwenye basi nilikuwa nayahesabu. Nikimuuliza yule atanipaka mafuta, ni mwongo tangu kuzaliwa. Wewe umeniambia nundu. Kesho jioni nitakupigia wewe. Uwe na nafasi."

"Nitakuwa nayo, mama. Na yasiyo na majibu nitakuambia hayana."

"Hayo ndiyo nitakayoanza nayo," mama alisema, akakata simu.

Mwalimu aliurudisha mkono wa simu mahali pake, kidole chake kikimwasha alipojikata. Dereva alikuwa mlangoni mwa ofisi, akidondosha maji kwenye zulia la mkuu.

"Kasema nini?"

"Kasema wewe ni mwongo."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilimwunga mkono." Akanyoosha mkono, akaupata mkono wa shati lililolowa chapachapa, akaukamata. "Haya, twende ukabadilishe nguo. Kesho nikiulizwa kama umepata mafua, mimi sidanganyi."